Kabla Hujaitwa Mama Fulani: Mwongozo Kamili wa Kuijua Thamani Yako Ndani ya Kristo

Kila Jumapili, baada ya matangazo, wageni huombwa wasimame. "Bwana Yesu asifiwe! Naitwa fulani, natokea usharika fulani." Wanapigiwa makofi, wanakaa. Ni jambo la nusu dakika. Lakini nenda kwenye kikundi kidogo cha kina mama katikati ya wiki, watu wanapojitambulisha mmoja mmoja, usikilize vizuri. Mimi Mama Neema, ni mwalimu. Mimi Mama Baraka, nina wanne, mume wangu yuko bandarini. Siku moja zamu ilimfikia dada aliyekuwa na miaka tisa ya ndoa bila mtoto. Akasimama, akavuta kanga yake mabegani, akasema, "Mimi... mimi nipo tu." Akakaa.

Mimi ndiye niliyekuwa naongoza kikao kile. Niliitikia "Amina," tukaendelea na mwingine. Neno lile, "nipo tu", halijanitoka mpaka leo, na mwongozo huu umetoka humo. Nauandika kwa ajili ya dada yule, na kwa ajili ya kijana aliyepata sifuri kidato cha nne, baba aliyepunguzwa kazini, mstaafu ambaye simu yake haiiti tena, na binti aliyekua akiambiwa kwamba ni mkosi. Nawaandikia watu ambao tayari wanaamini, wanasali, pengine wanaimba kwaya, ila ndani kabisa wanajiona si kitu.

Tafuta daftari, kalamu na Biblia. Tenga dakika ishirini kila siku, saa ambayo nyumba imetulia. Zipe hatua hizi wiki sita au saba. Usizikimbilie zote Jumamosi moja, kwa maana jina ulilolibeba miaka ishirini halivuliwi kwa mchana mmoja.

Hatua ya 1: Andika majina yote unayoitwa

Gawa ukurasa mara tatu. Upande wa kwanza andika jina, wa pili nani alikupa, wa tatu lini. Usiandike jina la cheti cha kuzaliwa peke yake. Andika yale yaliyokaa moyoni: mzembe, mgumba, mnene, asiye na mbele wala nyuma, "yule wa mke mdogo", aliyeachwa. Andika hata yale ambayo hakuna aliyeyatamka ila uliyasoma usoni mwa mtu.

Kisha andika majina mazuri. Hapa wengi hushangaa na kuuliza ya nini. Majina mazuri ndiyo yanayotufunga kwa siri. Mwanamume aliyeitwa "Mkuu" shuleni kwa miaka kumi na tano anastaafu Ijumaa. Jumatatu anaamka saa kumi na moja alfajiri, anavaa, halafu anakumbuka hana pa kwenda. Jina lile halikuwa baya. Aliliegemea kama ukuta, na siku lilipoondolewa akaanguka nalo. Hata "Mama Neema", jina tamu kabisa katika lugha yetu, linaweza kugeuka kuwa ukuta wa namna hiyo. Neema akifeli, akipata mimba akiwa shuleni au akifa, mama anabaki nani?

Kwa kila jina, zuri na baya, jiulize swali moja: likiondolewa kesho, nitabaki na nini? Andika jibu bila kulipamba, na ukilia, lia. Funga daftari. Siku hiyo usifanye kingine.

Hatua ya 2: Kaa Yordani siku saba

Soma Mathayo 3:13 mpaka 4:11 kila siku kwa juma zima. Ni kifungu kifupi, na kukirudia kuna sababu.

Yesu anafika mtoni akiwa na umri wa miaka kama thelathini, ndivyo Luka anavyosema. Sehemu kubwa ya miaka hiyo aliishi Nazareti, mji ambao Nathanaeli aliuliza kama neno jema laweza kutoka kwake. Injili hazijamwandikia muujiza hata mmoja mpaka wakati huo. Hajahubiri mlimani, hajamponya mwenye ukoma, hajalisha watu elfu tano. Mikono yake ni ya fundi. Anapanga foleni pamoja na wenye dhambi, anabatizwa, na anapopanda kutoka majini mbingu zinafunguka na sauti inasema, "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye."

Angalia mpangilio. Sisi tumezoea kwamba mtoto anafaulu, ndipo baba anasema najivunia. Hapa Baba anatamka kwanza, kazi inafuata. Huduma yote ya Yesu imetoka katika neno alilopewa kabla hajafanya lolote. Ukilishika hili moja tu katika mwongozo mzima, utakuwa umeshika kiini chake.

Endelea mpaka sura ya nne. Shetani anaanza, "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu, amuru kwamba mawe haya yawe mkate." Siku ya tatu au ya nne ya kusoma utaona kilichopungua. Mungu alisema Mwanangu, mpendwa wangu. Mjaribu amebakiza Mwana na kuliacha mpendwa. Kisha ameomba ushahidi: thibitisha, fanya kitu, tuone.

Sasa andika mawe yako. Ni kitu gani umekuwa ukijaribu kukigeuza mkate ili watu waamini kwamba wewe ni mtu? Kwa mmoja ni nyumba anayoijenga kijijini kwa mkopo unaomnyima usingizi. Kwa mwingine ni harusi kubwa, digrii ya pili asiyoipenda, ngozi aliyoichubua kwa krimu, au kujitolea kanisani mpaka kuugua kwa sababu anaogopa kusema hapana. Yesu hakuthibitisha kitu. Alijibu kwa Neno, akabaki na njaa yake, na aliendelea kuwa Mwana akiwa na njaa.

Hatua ya 3: Tafuta siku yako ya ubatizo

Hii ni kazi ya miguu. Nenda ofisi ya usharika au parokia, uombe cheti chako cha ubatizo au uangaliziwe kitabu cha wabatizwa. Kama ulibatizwa ukubwani, waulize waliokuwepo. Andika tarehe kwenye daftari. Kama hujabatizwa, zungumza na mchungaji au padri uanze mafundisho.

Ili uone kwa nini tarehe inaweza kuwa na uzito, nikusimulie habari za mwanamke wa Sudan. Alizaliwa Darfur karibu mwaka 1869, akatekwa na wafanyabiashara wa watumwa akiwa mtoto mdogo. Hofu ilimsahaulisha jina alilopewa na wazazi wake, wala hakulikumbuka tena maisha yake yote. Watekaji ndio waliomwita Bakhita, neno la Kiarabu lenye maana ya mwenye bahati. Aliuzwa na kuuzwa tena. Katika nyumba ya bwana mmoja alichanjwa kwa wembe kifuani, tumboni na mkononi, na vidonda vikasuguliwa chumvi ili makovu yabaki. Mwaka 1883 balozi mdogo wa Italia mjini Khartoum alimnunua, na baadaye akafika Italia. Alipowekwa kwa masista wa Canossa mjini Venice akaanza kujifunza imani. Bibi wa nyumba ya Kiitaliano aliyokuwa akiitumikia alipotaka kumrudisha Sudan, Bakhita alikataa. Shauri likaenda mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yeye si mtumwa wa mtu. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa, akaitwa Josephine.

Miaka iliyofuata alikuwa sista mpishi, mshonaji na mlinzi wa mlango mjini Schio, kazi ambazo hazimpi mtu jina kubwa. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu. Lakini kinachonigusa kuliko hayo yote ni habari ya kisima cha ubatizo: inasimuliwa kwamba alipopita hapo alikuwa akikibusu na kusema kwamba mahali hapa ndipo alipofanyika binti wa Mungu. Mwanamke aliyeibiwa jina, aliyeandikwa mwilini kwa wembe wa wengine, alijua mahali hasa alipopewa jina lisiloibika. Angeweza kukuonyesha kwa kidole.

Nawe uwe na mahali pa kuonyesha kwa kidole. Kila mwaka siku hiyo ikifika, washa mshumaa, soma Warumi 6, mshukuru Mungu. Tunawakatia keki watoto siku ya kuzaliwa. Siku ya kuzaliwa mara ya pili nayo inastahili walau kikombe cha chai na sala ya nyumbani.

Hatua ya 4: Mwambie Mungu ukweli kabla ya kumwambia maandiko

Usiruke hatua hii. Watu wengi hupewa mistari kumi ya faraja wakati bado hawajaruhusiwa kuugua. Hana, mke wa Elkana, alisali kwa uchungu mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Hakuna mahali Biblia inapomkemea kwa machozi yale. Zaburi ya 88 inaisha gizani, bila "lakini" ya kumpoza msomaji, nayo imo katika Biblia.

Chukua daftari, mwandikie Mungu barua. Mweleze jina linalokuuma kuliko yote, aliyekupa, na lililokufanyia. Kama umemkasirikia Mungu mwenyewe, mwambie. Isome kwa sauti ukiwa peke yako.

Hatua ya 5: Tenganisha hatia na aibu

Hatia inasema nimefanya kosa. Aibu inasema mimi ndiye kosa. Dawa zake ni mbili tofauti, na ukizichanganya utateseka.

Kama kuna dhambi ya kweli chini ya kujidharau kwako, itaje kwa jina. Ungama kwa Mungu, nenda kwa padri kwenye kitubio, au zungumza na mchungaji unayemwamini. Kama ulichukua cha mtu, rudisha. Zakayo alisimama akaahidi kurudisha mara nne. Ukishasamehewa, usiendelee kulipa deni lililofutwa. Warumi 8 inaanza kwa kusema hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu, na inaisha kwa kusema hakuna kitakachotutenga na upendo wa Mungu. Isome yote kwa mkao mmoja, uone unavyoishi katikati ya "hakuna" mbili.

Mwana mpotevu alitunga hotuba njiani: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako tena, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Soma Luka 15 polepole. Alipofika mbele ya baba alisema sehemu ya kwanza na ya pili. Ile ya tatu, ya kuomba utumishi, haimo, maana baba ameshaanza kuagiza vazi na pete. Wengi wetu bado tunamalizia ile hotuba. Tunaishi nyumbani kwa Baba tukiomba mshahara.

Na kama aibu yako haina kosa lako ndani yake, kama ulibakwa, ulipigwa, ulizaliwa nje ya ndoa au ulikosa mtoto, usitubu dhambi ya mtu mwingine. Iite ilivyo: jeraha.

Hatua ya 6: Neno moja kwa juma moja

Chagua mstari mmoja unaojibu jina lako baya. Aliyeambiwa hana maana na achukue Waefeso 2:10, kwamba sisi ni kazi ya mikono yake. Aliyesahauliwa na achukue Isaya 43:1, "nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu." Uandike kwa mkono. Uunganishe na kazi unayoifanya kila siku: unapoosha vyombo, unaposubiri daladala, unapofunga duka. Useme kwa sauti na jina lako ndani yake.

Angalizo ninalolijali sana: mstari si hirizi. Isaya alikuwa akisema na Israeli waliovunjika, taifa zima, na sisi tunaipokea ahadi ile kupitia Kristo. Kwa hiyo soma na mistari inayouzunguka. Ukisoma sura ya 43 utakuta pia maji mengi na moto. Haisemi hutavipita. Inasema atakuwa pamoja nawe.

Na kama mtu anakuambia kwamba thamani yako itaonekana ukipanda mbegu ya laki mbili, au ukinunua mafuta na maji yaliyoombewa, ondoka. Sadaka ni njema. Lakini anayekuuzia kile ambacho Baba alikutamkia bure anakurudisha sokoni, na wewe umeshanunuliwa kwa damu.

Hatua ya 7: Tafuta watu wawili

Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu walikutana nyumbani, wakaungama hadharani, wakaimba "Tukutendereza" (Tunakusifu, kwa Kiganda) na kuitana ndugu, Waafrika na wamishenari pamoja. Ulikuwa na mapungufu yake, ila jambo moja uliliona sawasawa: utambulisho mpya hautunzwi chumbani peke yako. Lazima kuwe na mtu wa kukuita kwa jina lile siku unapolisahau.

Huhitaji umati. Watu wawili wanatosha, kutoka jumuiya yako, kwaya, au fellowshipu. Mtu anayefaa utamjua hivi: anatunza siri, amewahi kukuambia ukweli usioupenda, na hakutafuti pale tu anapohitaji mchango. Mwonyeshe ule ukurasa wa kwanza wa daftari. Mwombe jambo moja: "Ukinisikia najiita hivi, nikumbushe."

Ndani ya hatua hii kuna jambo zito. Kama anayekuita majina mabaya pia anakupiga, kusamehe si kurudi chini ya fimbo. Kwa Tanzania, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda, na nenda na mmoja wa wale wawili. Na kama unawaza kujiua, au majuma yanapita huli wala hulali, nenda hospitali leo. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, Mungu hakuanza na mahubiri. Malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, mlimani. Daktari na dawa si upungufu wa imani.

Hatua ya 8: Siku jina la zamani litakaporudi

Litarudi. Kwa ajili ya siku hiyo, mjue Lea.

Katika Mwanzo 29, Lea aliolewa kwa hila na Yakobo, ambaye alimpenda Raheli, mdogo wake Lea. Akazaa mtoto wa kwanza, akasema sasa mume wangu atanipenda. Akazaa wa pili, akakiri kwamba hapendwi. Wa tatu, akatumaini kwamba safari hii mume ataungana naye. Kila mtoto alikuwa barua kwa Yakobo, na Yakobo hakujibu. Ndipo akazaa wa nne, akasema, "Mara hii nitamsifu BWANA," akamwita Yuda. Katika Yuda ndipo alipotoka Daudi, na ndiyo kabila la Yesu.

Wahubiri wengi huishia hapo, na mahubiri huwa matamu. Lakini geuza ukurasa. Katika sura ya 30 ya Mwanzo Lea amerudi kwenye mashindano: anamtoa mjakazi wake Zilpa, anagombania tunguja, na mtoto wake wa sita anapozaliwa anasema tena kwamba sasa mume wangu atakaa nami kwa maana nimemzalia wana sita. Baada ya Yuda! Aliwahi kuvuka, kisha akateleza. Na Mungu hakulifuta jina la Yuda kwa sababu mama yake aliteleza.

Kwa hiyo siku ukijikuta umerudi kwenye mawe yako, umefungua simu usiku kuangalia harusi za wenzako na kujipima nao, usiseme yote yalikuwa bure. Fungua daftari kwenye tarehe ya ubatizo. Rudi Yordani siku moja. Mpigie simu mmoja wa wale wawili. Kisha lala.

Hatua ya 9: Wape wengine majina yao

Katika Mwanzo 16, Sarai anasema "mjakazi wangu" na Abramu anasema "mjakazi wako". Hakuna kati yao anayelitaja jina la Hajiri. Wa kwanza kumwita kwa jina katika kisa kile ni malaika, kando ya chemchemi jangwani, na Hajiri anampa Mungu jina pia: Mungu uonaye mimi.

Anza nyumbani. Dada wa kazi ana jina, watoto wako walijue na walitumie. Mlinzi wa getini ana jina. Kwenye harusi usimuulize aliyebaki "na wewe lini?" Mtoto akileta matokeo mabaya, mwite kwa jina lake na umpe chakula kwanza, ndipo mjadili hesabu. Kila juma fanya tendo moja jema ambalo hutalisema wala kulipiga picha. Tendo hilo halikuongezei thamani, linatoka kwa mtu ambaye tayari anayo.

Katika kikundi chetu tulibadilisha kitu kimoja. Siku hizi kila anayesimama hutaja kwanza jina la ubatizo, na siku alipobatizwa kama anaijua. Mtoto, mume na kazi vinafuata baadaye, kwa anayetaka. Mara ya kwanza kina mama walicheka, kuna mmoja aliyesahau kabisa jina lake la ubatizo ikabidi adokezwe na jirani. Zamu ilipomfikia yule dada, alisimama. Alikuwa amekwenda parokiani juma lililotangulia, na karatasi alikuwa nayo mkononi. Akasoma jina lake lote, la kwake na la baba yake, na tarehe, polepole, kama mtu anayesoma somo la Jumapili. Kisha akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya Biblia, akakaa.